Shimo la Mfano

Wapo watu wanaosifiwa kwa nyumba walizojenga, wapo wanaosifiwa kwa watoto waliosomesha. Timazi alisifiwa kwa mashimo. Miaka ishirini na saba alichimba mgodini, na katika miaka hiyo yote hakuna njia ya chini aliyoiongoza yeye iliyowahi kupinda hata upana wa kidole. Jina la Timazi walimpa wenzake, kwa ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni ambayo mafundi huitumia kupima wima, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kamba yenyewe alitembea nayo mfukoni. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla hajaketi alikuwa ameshaupima mlango kwa jicho, na kama fremu imelala kidogo, hata maji ya kunywa hayakumshuka vizuri kooni.

Mgodi ukaisha, kama vyote vinavyochimbwa bila kurudishiwa. Kampuni ikaambiwa kwamba haiwezi kuondoka na kuacha nyuma jangwa la kifusi. Sharti ipande miti na miti ishike. Basi Timazi, aliyeitoboa ardhi ile kwa zaidi ya robo karne, akaajiriwa kuitoboa tena, safari hii kwa kina cha sentimita sitini. Wengine waliona kichekesho. Yeye aliona cheo. Alikuwa nyapara wa mashimo, mwenye wachimbaji kumi na wanne chini yake.

Na mashimo yalikuwa mashimo, tusimnyime haki yake. Sentimita sitini kila upande, pembe nne kali, kitako kimelala sawasawa. Kuta alizikandika kwa mgongo wa chepe mpaka zikang'aa kama sahani iliyooshwa. Mbele ya ofisi alichimba moja la kujifunzia, likazungushiwa kamba na kuwekewa kibao: SHIMO LA MFANO. Halikupandwa kitu, maana mche ungeliharibia sura. Waliokuja ofisini kwa shughuli zao walisimama kulitazama, na wengine walipiga nalo picha.

Tatizo lilikuwa moja tu, dogo ukilitazama kutoka mbali. Miche ilikufa.

Miche elfu mbili ya msimu wa kwanza ilikufa. Elfu mbili ya msimu wa pili ikafuata njia hiyo hiyo. Miche hiyo ililelewa kitaluni na msichana mmoja aliyesomea misitu, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Miche ingawa hakuwa na mtoto. Alichekecha udongo kwa mikono, akachanganya mboji, akajaza viriba, vile vifuko vya kuoteshea, kimoja kimoja, na wakati wa kiangazi alimwagilia asubuhi na jioni mpaka mabega yakaota sugu. Chuoni alikuwa ameahidiwa kazi nzuri mahali pengine. Aliikataa, akarudi, kwa sababu alitaka kuiona ardhi ya kwao ikiwa na kivuli kabla hajazeeka. Msichana huyo alikuwa binti wa pekee wa Timazi.

Kabla ya msimu wa tatu kikaitishwa kikao. Aliyekiongoza ni afisa mazingira, Bwana Ripoti, mtu ambaye hata mvua ikimnyeshea hakubali kwamba amelowa mpaka ameona imeandikwa.

"Tuangalie moja moja," alisema Bwana Ripoti. "Udongo umepimwa. Mvua imenyesha. Mashimo je?"

Macho yote yakamgeukia Timazi. Alisimama, akatoa ile kamba mfukoni, akaining'iniza mbele yao.

"Mashimo hayana kosa," alisema. "Mwenye mashaka, kipimo hiki hapa."

Hakuna aliyekuwa na mashaka. Bwana Ripoti akaandika, kisha akasema yale ambayo kila mmoja alishayahesabu kichwani: kama si udongo, si mvua, si mashimo, basi ni miche. Kampuni ingevumilia msimu huu mmoja tu. Siku wageni wa makao makuu watakapokuja mwisho wa mvua, ikiwa chini ya nusu ya miche itakuwa hai, kitalu kitafungwa, unga wa Mama Miche utakuwa umemwagika, na miche italetwa kwa lori kutoka kwa mkandarasi wa mbali. Mama Miche alimtazama baba yake, na baba yake alikuwa anaikunja kamba yake taratibu, asije akaivuruga.

Jumapili moja, mvua zikiendelea, walipokuwa wanakula mchana nyumbani kwa wazazi, binti alijaribu kumsemesha baba yake. Miche ya msimu wa tatu ilikuwa imeshakaa ardhini miezi miwili, na majani yalikwishaanza kuwa manjano.

"Baba, niruhusu nivunje shimo moja nitazame mizizi."

"Shimo langu limefanya nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kutazama."

"Mgonjwa akifa, hamuendi kubomoa nyumba aliyolala," alisema Timazi. "Miche yako haina nguvu. Unailea kama mayai, imejaa deko."

Mkewe aliweka kijiko chini. "Deko? Katika nyumba hii? Mtoto huyu alipoanza kutambaa ulimchorea mstari sakafuni."

"Nasema ninachokijua."

"Nyani haoni kundule," alisema mkewe, na hakuwa mwanamke wa kutumia methali ile mezani.

Binti aliinuka, akaosha sahani yake, akaaga. Chakula alikiacha nusu. Mama yake alimsindikiza mpaka mlangoni, ule mlango ulionyooka kuliko milango yote ya mtaa, kisha akarudi akasimama mbele ya mumewe.

"Unalinda shimo, unamtupa mtoto," alisema. "Endelea."

Timazi aliendelea kula. Alikuwa na mambo yake mengine ya kumnyima raha, na kubwa kati ya hayo lilikuwa shemeji yake.

Shemeji huyo, ndugu wa mkewe, aliitwa Bora Liende, na jina hilo hakuna aliyemwonea. Alikuwa mlinzi wa lango la mgodi mpaka ilipogundulika kwamba ndani ya lango hakuna cha kulindwa, akahamishiwa kwenye mashimo msimu huu wa tatu. Alichimba kwa sululu tu. Chepe hakuligusa. "Chepe linataka mtu ainame," alieleza, "na mgongo wangu haukusaini mkataba huo." Alipiga sululu huku na huko, akang'oa mabonge, akayarudisha, akaita mche uje. Mashimo yake hayakuwa na pembe wala kitako. Ungesema mtu alidondosha ufunguo hapo akautafuta kwa hasira.

Siku ya kwanza Timazi alipoyaona, alimwita kando.

"Hili ni nini, shemeji?"

"Shimo."

"Hili ni jeraha!"

"Jeraha hupona, shemeji," alisema Bora Liende, akajifuta jasho ambalo halikuwepo.

Timazi angemchimbisha upya yote, lakini mvua zilikuwa zimeanza na miche ilikuwa inasubiri. Alichoweza kufanya ni kumpeleka mahali pa aibu. Mistari mitatu ya Bora Liende ilitupwa nyuma ya lundo kubwa la kifusi, ambako mgeni hafiki isipokuwa amepotea. Kisha akajitahidi kuisahau, kama watu wanavyomsahau ndugu aliyefungwa.

Siku tano kabla ya ugeni, akaikumbuka. Vipi kama kuna mgeni mwenye miguu mirefu na udadisi? Asubuhi hiyo alikata matawi makavu, akayafunga mzigo, akauzunguka ule mlima wa kifusi ili akayafunike yale mashimo machafu.

Hakuwa na cha kufunika. Miche ya mivinje ya Bora Liende ilikuwa imempita magoti. Migunga ilikuwa imetanda, imetoa miiba mipya laini, na chini yake nyasi ambazo hakuna aliyezipanda zilikuwa zimeanza kuja zenyewe. Timazi alisimama na mzigo wake begani, na hasira ikampanda kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Alimkuta Bora Liende amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nani anakupa mbolea? Mpwa wako anakupa mbolea kwa siri?"

"Mbolea? Shemeji, mimi chupa yangu ya maji tu naona uzito kuibeba. Nitabeba mbolea?"

Hilo lilikuwa kweli, na Timazi alijua ni kweli. Akaenda kwenye mstari wake mwenyewe, ule wa kwanza kabisa, uliopangwa kwa kamba kutoka nguzo mpaka nguzo. Alipiga magoti, akaushika mche mmoja wa manjano, akavuta. Haukumpinga. Ulitoka mzima mzima na udongo wake, bado una umbo la kiriba ulimotolewa, kama kwamba haujawahi kupandwa. Mizizi ilikuwa imejizungusha yenyewe, myeusi, inanuka. Akaingiza mkono shimoni. Mvua ilikuwa haijanyesha kwa siku nne, lakini chini palikuwa na maji. Akapapasa ukuta. Ulikuwa laini, mgumu, unateleza, hauna ufa hata wa kupitisha unywele.

Ukuta ule aliufahamu. Kule chini mgodini walikuwa wanakutana na udongo mfinyanzi unaotiririsha maji, na yeye ndiye aliyewafundisha vijana kuupiga kwa mgongo wa chepe mpaka uzibe. "Ukuta wa Timazi hauvuji," walikuwa wanasema, na ilikuwa kweli, na watu walirudi nyumbani salama kwa ajili ya kuta zile. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuzuia kitu kisiingie. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba ndani panaweza kuwa na kitu kinachotaka kutoka.

Aling'oa wa pili. Akang'oa wa tatu. Alipofika wa kumi na moja akaacha, akakaa chini kwenye matope na suruali yake ya kazi iliyopigwa pasi. Aliona aibu, aibu ile inayochoma mpaka kwenye masikio. Haikuwa sana aibu ya miche. Ilikuwa aibu ya siku ile ya kikao, na ya ile kamba aliyoining'iniza mbele za watu wakati mtoto wake anamtazama.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Ripoti, na matope yake. Akamweleza yote. Bwana Ripoti alimsikiliza vizuri, kisha akafungua kabati akamwonyesha cheti kilichokwisha kuwekewa fremu: SHIMO BORA.

"Utakabidhiwa mbele ya wageni," alisema. "Ratiba imeshachapwa."

"Lakini mashimo ndiyo yanayoua."

"Mzee wangu, nina ripoti tatu zinazosema mashimo ni bora. Zimesainiwa mpaka juu. Tukisema leo ni mabaya, hizo ripoti tutaziweka wapi?"

"Na miche?"

"Miche haina ripoti."

"Na binti yangu?"

Bwana Ripoti alifunga kabati kwa upole. "Tutamwandikia barua nzuri ya kumshukuru. Wewe pumzika, uje na shati safi."

Timazi alitoka. Njiani alipita kitaluni, akasimama mlangoni. Binti alikuwa anapanga viriba vitupu kwenye masanduku, kama mtu anayefungasha. Kwa mtu ambaye hajawahi kupinda, kuomba radhi ni kazi ya sululu kwenye jiwe. Timazi akaondoka.

Alichofanya ni kumfuata shemeji yake siku moja kabla ya ugeni, akampeleka mbele ya ofisi, kando ya Shimo la Mfano.

"Chimba hapa."

Bora Liende alilitazama eneo, akamtazama shemeji. "Nichimbeje?"

"Kama kawaida yako."

"Vibaya?"

"Kama kawaida yako, nimesema!"

Bora Liende alihisi mtego. Akaanza kuchimba kwa heshima, akatafuta hata pembe. Timazi alimkemea mpaka makarani wakachungulia dirishani. "Nani kakwambia unyooshe? Piga ovyo! Piga kama mtu mvivu!" Hapo ndipo shemeji alipopata moyo, na kwa dakika ishirini akaliharibu eneo lile kwa ufundi wake wote.

Asubuhi ya ugeni Timazi alifika kitaluni na shati jeupe.

"Mama," alimwambia binti yake, kwa jina lile alilomwita alipokuwa mdogo, "nipatie ndoo mbili za maji."

"Za nini?"

"Kuna mtu nataka kumpima."

Binti alimpa bila kumtazama usoni.

Wageni walikuwa tisa, wakiongozwa na mama mmoja mnene mwenye miwani, ambaye wote walimwita Mkurugenzi na kumfungulia hata milango iliyokuwa wazi. Bwana Ripoti alisoma kwa muda mrefu. Alipofika kwenye mashimo sauti yake ikapanda, akamwita Timazi mbele, akakiinua cheti. Makofi yakapigwa. Watu walikuwa wanamvisha mzee wa watu kilemba cha ukoka, na kilikuwa na fremu ya kioo.

"Kabla sijapokea," alisema Timazi, "naomba niwaonyeshe kitu."

Akamimina ndoo ya kwanza yote ndani ya Shimo la Mfano. Maji yakatulia. Kila mtu alilisogelea. Yalikaa pale safi, yanaonyesha mawingu, na hayakushuka hata ukucha.

"Mnaona!" alisema Bwana Ripoti, akiwageukia wageni. "Halivuji hata tone!"

Wakapiga makofi tena, na Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Timazi akangoja yaishe. Kisha akaichukua ndoo ya pili akaimimina kwenye lile jeraha la Bora Liende. Shimo likanywa. Kabla ndoo haijakauka, maji yalikuwa yamekwenda, chini, pembeni, kila mahali ambako sululu ilipiga ovyo. Yalibaki mabonge yaliyolowa tu. Hakuna aliyepiga makofi, na wawili watatu walimtazama Bora Liende kwa huruma.

"Sasa, mzee," aliuliza Mkurugenzi, "hilo la pili ulitaka kutuonyesha makosa?"

"Hapana, mama. Makosa ni lile mlilolipigia makofi. Lile si shimo, ni ndoo. Nimepanda miche karibu elfu sita ndani ya ndoo. Binti yangu alinipa miche mizima, mimi nikaizamisha mmoja mmoja. Halafu nikasimama kikaoni nikasema kosa si langu. Kosa ni langu. Yeye hana kosa hata chembe. Na kama kuna anayetaka kuona miche yake inavyokua ikipata shimo bovu, iko nyuma ya kile kifusi. Mimi ndiye niliyeificha."

Bwana Ripoti alikuwa anatafuta ukurasa ambao haukuwepo. Mkurugenzi alivua viatu vyake vya kisigino, akaomba vya mpira, akaongoza njia kuelekea nyuma ya kifusi, na wote wakamfuata. Mama Miche alibaki. Alisimama mbele ya baba yake na mikono yake yenye udongo, na Timazi akaona kwamba analia.

"Ungeniambia tu, Baba," alisema. "Mimi na wewe, kitaluni."

"Nilikuchafua mbele za watu," alisema Timazi. "Ningekusafisha wapi?"

Ofisi nayo haikukubali kuaibika hivi hivi. Kitalu hakikufungwa, na binti alipewa msimu mwingine, na baada ya huo mwingine. Wiki mbili baadaye ukatoka waraka uliosema kwamba kuanzia sasa kuta za mashimo zisinyooke, kwa kiwango kitakachoidhinishwa. Mchoro ulikuwemo. Bora Liende aliteuliwa Mshauri wa Mashimo, na kwa kuwa mshauri hutakiwa kufika kazini saa moja kamili, alisema hajawahi kuonewa kiasi hicho maishani. Cheti cha Shimo Bora Timazi alipewa vile vile, maana kilikwishachapwa. Mkewe alikitundika ukutani, akakipindisha kidogo makusudi, na ole wake atakayekigusa.

Msimu wa nne ulipoanza, Timazi aliweka chepe chini akashika sululu. Haikuwa rahisi. Mikono ya mtu hukaidi kuliko punda, na mikono yake ilikuwa na miaka ishirini na saba ya ukaidi. Alichimba mashimo kumi ya kombo, na yote yakatoka na ukombo mmoja.

Bora Liende alipita akayakagua, mikono nyuma. "Shemeji, haya yamepinda kwa adabu mno."

"Nenda zako."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," alisema mshauri, akaenda zake kutafuta kivuli, ambacho nyuma ya kile kifusi kilikuwa kimeanza kupatikana.

Binti alikuja na mche wa mvinje mkononi. Alipiga magoti kando ya shimo la kumi na moja, akaingiza mkono, akapapasa kuta polepole, pande zote, kama fundi anayekagua kazi ya mwanagenzi.

"Upande huu bado umenyooka, Baba."

Timazi alifumba macho, akapiga sululu. Bonge likang'oka. Akapiga tena, mahali pengine, bila kuchagua. Binti akaingiza mkono mara ya pili.

"Hapo sasa," alisema. "Limepinda."

Akauweka mche, wakafukia pamoja. Upepo ulikuwa unausumbua, ukahitaji kufungwa kwenye kijiti, na kamba ya kufungia ilikuwa imebaki kitaluni. Timazi alitoa ya kwake mfukoni. Aliikata kwa kisu, kile kipande cha chuma kikadondoka matopeni, akampa binti uzi uliobaki. Binti alifunga haraka, kwa mikono ya mtu mwenye miche mingine elfu moja na mia tisa inayosubiri, na mche ukasimama umeegemea upande wa kushoto, si sana, kiasi cha vidole viwili hivi. Mkono wa Timazi ukanyooka kwenda kuusahihisha. Ukafika nusu ya njia. Kisha akaurudisha mfukoni, ambako hakukuwa na kitu tena, na akasogea kwenda kuanza shimo la kumi na mbili.